Nguo ya zambarau: watoto walikufa lini, na nani aliwaua?

Kila Oktoba karatasi ileile hurudi nyumbani ndani ya mikoba ya watoto: siku fulani, anayependa aje shule amevaa nguo ya zambarau. Mwaka jana mtu aliipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi Wakenya wa hapa Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, na usiku huo watu hawakulala. Mzee mmoja alisema hiyo ni sare ya mashoga, na mwanawe atavaa kijani. Mama mmoja akamjibu, "Baba, hiyo si sare, ni matanga. Kuna watoto walikufa." Wa tatu akauliza swali lililonifanya nikae chini kuandika: "Walikufa lini, na nani aliwaua?"

Watoto hao ni wavulana wa Marekani waliojiua baada ya kuonewa na wenzao kwa kuwa mashoga, au kwa kudhaniwa hivyo. Nusu ya kwanza ya swali ina jibu fupi. Nusu ya pili imewakoroga Wamarekani wenyewe kwa zaidi ya miaka 10, wakiwemo majaji, wanasiasa na wanahabari, na ndiyo itakayochukua nafasi kubwa hapa.

Maneno yenyewe kwanza

Uonevu si kila ugomvi. Watoto wawili wenye nguvu sawa wakikamatana mashati kwa ajili ya mpira, huo ni ugomvi, na kesho watacheza tena. Uonevu una vitu vitatu pamoja: nguvu zisizolingana, nia ya kuumiza, na kurudiwarudiwa, au angalau kila dalili kwamba kitendo kitarudiwa. Nguvu hizo si lazima ziwe za misuli. Zinaweza kuwa za wingi, za umaarufu, au za kushika siri ya mwenzako.

Uonevu unaozungumziwa hapa ni ule unaomlenga mtoto kwa sababu anavutiwa na watu wa jinsia yake, au kwa sababu wenzake wamemdhania hivyo. Hiyo "wamemdhania" msiipite haraka. Kwa Kiswahili cha pwani mwanamke humwita rafikiye "shoga" na hakuna anayegeuza shingo. Ni neno la barazani, la kusukana nywele na kuazimana upawa. Neno hilohilo akirushiwa mvulana wa darasa la sita uwanjani, linakuwa jiwe. Na anayelirusha kwa kawaida hana habari yoyote ya mapenzi ya mtu. Anachokiona ni mvulana anayependa kuimba, asiyejua mpira, mwenye sauti nyembamba, au mgeni tu asiye na kundi. Kwa hiyo anayesema "jambo hili halimhusu mwanangu, yeye si wa hivyo" amesahau kwamba mwonevu haulizi kwanza.

Neno la tatu ni kujiua. Watu wetu husema "kujinyonga" hata pale mtu alipokufa kwa njia nyingine kabisa. Neno hilo linataja njia, na kutangaza njia kuna madhara nitakayoyafikia, kwa hiyo mimi nitasema kujiua. Wala sitasema mtu "alifanikiwa" au jaribio "lilishindikana", kana kwamba tunasoma matokeo ya mtihani. Tukumbuke pia kwamba kwetu jambo hili limekaa muda mrefu na harufu ya polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu iliposema kinakwenda kinyume cha Katiba. Tanzania nayo ina kifungu cha 217. Mtu anayeogopa pingu hatakwenda kumweleza jirani yake kwamba amechoka kuishi.

Septemba 2010

Sasa jibu fupi. Ndani ya mwezi mmoja, Septemba 2010, vyombo vya habari vya Marekani vilitangaza vifo vya wavulana kadhaa waliojiua baada ya kuandamwa kwa kuwa mashoga au kudhaniwa kuwa hivyo. Mmoja alikuwa na miaka 15, katika mji mdogo wa Indiana. Wawili walikuwa na miaka 13: mmoja karibu na Houston, Texas, mwingine katika mji wa milimani huko California. Aliyejulikana zaidi ni Tyler Clementi, miaka 18, aliyekuwa na wiki chache tu katika Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey. Mwenzake wa chumbani alimchungulia kwa kamera ya kompyuta akiwa na mwanamume, kisha akawatangazia wengine mtandaoni.

Wengi waliliita wimbi jipya, lakini upya ulikuwa kwenye habari kuliko kwenye msiba wenyewe. Jirani na sisi hapa, Ashland, Wisconsin, kijana aitwaye Jamie Nabozny aliteswa miaka mingi shuleni, akapigwa mpaka akahitaji upasuaji, na naye alijaribu kujiua. Yeye aliishi, akaishtaki shule. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema wakuu wa shule wanaweza kuwajibishwa kwa kumlinda mtoto huyu na kumwacha yule, na shauri likaishia kwa fidia ya zaidi ya dola 900,000. Miaka 14 kabla ya 2010! Sheria ilikuwa imeshasema. Waliokuwa bado hawajasikia ni shule.

Video, na nguo

Jibu la kwanza la umma lilikuwa la moyo. Dan Savage, mwandishi wa Seattle, aliposoma habari ya yule mvulana wa Indiana, alirekodi video pamoja na mumewe, Terry Miller, wakiwaambia vijana kwamba wao pia waliteswa shuleni na kwamba maisha baadaye hugeuka. Mradi wao ulipewa jina linalomaanisha kwamba mambo huwa nafuu. Katika wiki chache maelfu ya watu walirekodi video zao: wanajeshi, wacheza sinema, mapolisi, wafanyakazi wa makampuni makubwa. Tarehe 21 Oktoba Rais Obama alituma yake, akisema uonevu usichukuliwe kama hatua ya kawaida ya kukua. Machi 2011 aliitisha mkutano Ikulu kuhusu jambo hilo na kusema yeye mwenyewe, kwa masikio yake makubwa na jina alilonalo, hakusalimika shuleni. Jina lile la Kogelo, sisi tunajua alimaanisha nini.

Nililia nilipoziona video hizo, sitaficha. Lakini ukizitazama mara ya pili, unaona wenye kuzikosoa walikuwa na hoja. Kumwambia mtoto wa miaka 13 kwamba atakuwa salama akifika miaka 20 ni kama kumwambia aliyetumbukia kisimani kwamba kiangazi kikija maji yatapungua. Ni kweli, lakini kamba iko wapi? Wengine walisema wanaozungumza ni watu wa mijini waliosoma na kupata kazi nzuri, ambao mambo yao hakika yalikuwa nafuu. Mtoto maskini wa kijijini hana mji wa kukimbilia. Na Septemba 2011 mvulana wa miaka 14, karibu na Buffalo, New York, alijiua. Miezi michache kabla yake alikuwa amerekodi video yake mwenyewe ya mradi huohuo, akiwatia moyo wengine.

Sisemi video hazikufaa. Zipo simulizi za watu wazima leo wanaosema ziliwashika mkono usiku mmoja mbaya, na usiku mmoja si kitu kidogo. Ninasema tu kwamba zilikuwa salamu. Hazikuwa ulinzi.

Nguo ya zambarau ilitoka hapohapo. Msichana wa shule huko Kanada alipendekeza mtandaoni kwamba tarehe 20 Oktoba 2010 watu wavae zambarau kuwakumbuka wavulana waliokufa. Alichagua rangi hiyo kwa sababu katika bendera ya upinde wa mvua, iliyobuniwa na Gilbert Baker huko San Francisco mwaka 1978, mstari huo unasimamia roho. Asasi ya GLAAD, inayowatetea mashoga kwenye vyombo vya habari, iliibeba, na tangu hapo siku hiyo hurudi kila Oktoba. Kwa hiyo mzee na mama wa kundi letu kila mmoja alishika kipande: ni rangi iliyotoka kwenye bendera ya watu hao, na ilivaliwa kwanza kwa ajili ya maiti.

"Nani aliwaua?"

Baada ya kilio watu hutafuta mkosaji. Katika habari ya Clementi alipatikana upesi: mwenzake wa chumbani. Mpaka leo nikiuliza wazazi, wengi huniambia kijana yule alifungwa kwa kuua. Hapana. Hakuwahi kushtakiwa kwa kifo. Mashtaka yalikuwa ya kuingilia faragha, kumtisha mtu kwa sababu ya chuki, na kuharibu ushahidi. Machi 2012 jopo la raia lilimtia hatiani kwa mashtaka yote 15, ambayo yangeweza kumpeleka jela miaka 10. Jaji alimpa siku 30. Nusu ya nchi ilipiga kelele kwamba ni mzaha. Nusu nyingine, wakiwemo baadhi ya mashoga mashuhuri, ilisema kijana mjinga wa miaka 18 asifanywe mbuzi wa kafara kwa dhambi ya taifa zima. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ilifuta hukumu hiyo, kwa kuwa sehemu ya sheria ya vitisho vya chuki ilikuwa imeshabatilishwa, naye akakiri kosa moja dogo. Kesi ikafungwa.

Kwa nini sheria haikusema tu kwamba alimuua? Kwa sababu kujiua hakuna sababu moja, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo watu wanapopotea.

Fikirieni jahazi. Limepakiwa kupita kiasi. Kalafati imechakaa kwenye mbao mbili tatu, maji yanaingia kidogo kidogo. Kata ya kufulia maji imepotea. Mabaharia wawili wamegombana na nahodha, hawasemi. Kisha linakuja wimbi, jahazi linazama. Ukimuuliza mtu aliyekuwa ufukweni, atasema, "Wimbi limezamisha chombo." Hakudanganya, wimbi aliliona. Lakini siku ile vyombo vingine vilipigwa na wimbi hilohilo vikafika.

Uonevu ni wimbi. Unapiga, na ukipiga kila siku hata mbao nzima hulegea. Mzigo ni mengine: huzuni ya maradhi, ambayo ni ugonjwa kama mwingine na hutibika, hofu ya kugunduliwa, usingizi uliopotea. Kata ya kufulia maji ni mtu mmoja wa kuambiwa. Mtoto anayedhihakiwa kwa kabila lake hurudi nyumbani akawakuta watu wa kabila lake; mama atamkanda, baba atakasirika kwa niaba yake. Mtoto anayeitwa shoga hurudi nyumbani na kunyamaza, kwa kuwa anahofia nyumbani watalisema neno lilelile. Hapo ndipo uonevu huu unapotofautiana na mwingine. Matusi yanaweza kulingana kwa ukali. Anachokosa huyu ni mahali pa kuyapeleka.

Takwimu zinaonyesha pengo hilo. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2021 unaofanywa na kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC, wanafunzi 22 kwa kila 100 kati ya wale wasiojitambulisha kuwa wanavutiwa na jinsia tofauti pekee walisema walijaribu kujiua ndani ya mwaka mmoja. Kwa wenzao walikuwa 6. Isomeni pia kwa upande wa pili: 78 kati ya 100 hawakujaribu. Upande huo husahaulika, na kuusahau kunaumiza.

Kunaumiza vipi? Baada ya 2010 magazeti yaliandika vile ambavyo mtu yeyote mwenye uchungu angeandika: aliteswa, akajiua, aliteswa, akajiua, picha yake akitabasamu, maua, mishumaa, nyota wa muziki akimtaja jukwaani. Sisi watu wazima tunasoma hayo kama lawama kwa waonevu. Mtoto aliye katika mateso yaleyale anaweza kuyasoma kama ramani: wanaoteswa hivi, njia yao ni hii, na mwisho wake ni kupendwa na nchi nzima. Watafiti wanakiita kifo cha kuambukizana. Vienna ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Miaka ya 1980 magazeti ya huko yalikuwa yakiandika kwa msisimko habari za watu waliojiua kwenye treni za chini ya ardhi. Mwaka 1987 wanahabari walipewa mwongozo wakakubali kupunguza makuu: hakuna njia, hakuna picha, hakuna ukurasa wa mbele. Vifo na majaribio ya aina hiyo vilishuka kwa zaidi ya robo tatu katika nusu ya pili ya mwaka huohuo.

Ndiyo maana sijawatajia hapa nani alifanya nini, wapi, kwa kutumia nini. Na ndiyo maana napendelea tuseme "alijiua baada ya kuteswa" kuliko "aliuawa na uonevu". Ya pili ni kali zaidi na inatupa sisi wakubwa mtu wa kumkasirikia, lakini mtoto aliye chumbani na simu yake anaisikia tofauti.

Kuna anayeuliza: basi tusiseme kabisa? Hapana, hiyo ni imani nyingine potofu. Kumuuliza mtoto ana kwa ana, kwa sauti ya kawaida, "Je, umewahi kufikiri kujiua?" hakumpi wazo hilo, tafiti zimeliangalia sana swali hili. Mara nyingi humpa nafuu, maana mtu mwingine amelitamka kabla yake. Kutangaza kifo kwa matarumbeta ndiko kunakoambukiza. Kumuuliza mwanao jikoni si tarumbeta.

Ya hapa kwetu Anoka

Walioandika kwenye kundi kwamba "haya ni mambo ya California" huenda hawajui wanaishi wapi. Wilaya ya shule ya Anoka-Hennepin, inayochukua hata sehemu ya Brooklyn Park, ndiyo kubwa kuliko zote Minnesota, ikiwa na wanafunzi wapatao 38,000 wakati ule. Katika muda wa miaka miwili hivi, kati ya 2009 na 2011, wanafunzi kadhaa wa wilaya hiyo walijiua, na baadhi yao walikuwa wakiandamwa kwa sababu hiihii.

Wilaya ilikuwa na sera ya kutoegemea upande: mwalimu asiseme lolote kuhusu mapenzi ya jinsia moja darasani, zuri wala baya. Ukiisoma upesi utaona ni busara. Wazazi hawakubaliani, basi shule inyamaze. Mimi mwenyewe zamani ningeipigia kura. Lakini kimya cha mwalimu hakikai katikati. Mtoto mmoja anamwita mwenzake tusi mbele ya mwalimu. Mwalimu hajui kama akimkemea atakuwa ameegemea upande, kwa hiyo anageuza uso kwenye ubao. Darasa zima limepata jibu.

Julai 2011 wanafunzi walifungua kesi. Februari 2012 sera iliondolewa, na Machi mwaka huo wilaya ikafikia makubaliano na wanafunzi sita pamoja na Wizara ya Sheria ya Marekani: dola 270,000, na miaka mitano ya kusimamiwa katika jinsi ya kupokea malalamiko, kufundisha walimu na kufuatilia watoto walio hatarini. Kesi hiyo ilisaidia kusukuma jimbo zima. Sheria ya zamani ya Minnesota dhidi ya uonevu ilikuwa na maneno 37 tu; matangazo ya harusi yanaizidi. Mpya ilitiwa saini na Gavana Mark Dayton tarehe 9 Aprili 2014. Inataja wazi misingi ambayo mtoto asionewe kwayo, ikiwemo rangi, dini, asili ya taifa, ulemavu na mwelekeo wa kimapenzi, na inaitaka shule ianze uchunguzi ndani ya siku tatu za shule tangu ipate taarifa.

Majimbo mengine yalitangulia. New Jersey ilipitisha sheria yake wiki chache baada ya kifo cha Clementi na Gavana Chris Christie akaitia saini Januari 2011: kila shule iwe na mtu maalumu wa jambo hili, uchunguzi uanze ndani ya siku moja ya shule na ukamilike ndani ya 10. California ilipitisha ile iitwayo Sheria ya Seth, kwa jina la mmoja wa wale watoto wa miaka 13. Serikali kuu iliandikia shule barua tarehe 26 Oktoba 2010 kuzikumbusha kwamba sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa jinsia inamlinda pia mvulana anayeteswa kwa kutokuwa "mwanamume wa kutosha".

Sheria hizi hazina mvuto. Hakuna aliyelia akisoma "siku tatu za shule". Lakini ukiniuliza lipi kati ya majibu yote ya umma lilimfikia mtoto, nitaonyesha huku. Uchunguzi wa Oregon uliochapishwa 2011, wa wanafunzi karibu 32,000, ulikuta kwamba vijana mashoga katika maeneo yasiyo na ulinzi wa aina hii walikuwa na hatari ya kujaribu kujiua iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 20 kuliko wenzao katika maeneo yenye ulinzi. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, uchunguzi wa 2014 ulikuta nafuu katika shule zilizokuwa na sera na vikundi vya wanafunzi vya kusaidiana kwa miaka mitatu au zaidi, na nafuu hiyo iliwafikia hata wavulana wasio mashoga. Mzee wangu wa fulana ya kijani, hapo nilikukumbuka. Tusi hili hutumika kuwachunga wavulana wote kama fimbo ya mchungaji. Likipungua, wote hupumua.

"Wanawafundisha watoto wetu ushoga"

Hili ndilo lililoandikwa mara nyingi zaidi usiku ule. Kanuni ya uonevu inahusu mikono na ndimi. Haimwambii mtoto aamini nini. Inamwambia asimrushie mwenzake chakula. Msikitini na kanisani mtafundisha mnachofundisha.

Na "sisi tulitukanwa tukakua"? Wanaolisema ni waliokua. Isitoshe, tusi letu liliishia kwenye lango la shule. La watoto hawa linapanda nao kitandani ndani ya simu.

Lakini kuna jambo la nyumbani ambalo sheria haifiki. Utafiti wa Caitlin Ryan wa San Francisco, uliochapishwa 2009, uliwauliza vijana wenye miaka 21 hadi 25 jinsi familia zao zilivyowatendea walipojulikana. Waliokataliwa vikali walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 8 wa kuwa wamejaribu kujiua, wakilinganishwa na waliokataliwa kidogo au kutokataliwa. Kilichopimwa ni matendo: kupigwa, kufukuzwa, kunyang'anywa marafiki, kuambiwa umetuaibisha. Haikupimwa imani ya mzazi. Na kati ya kukataa vikali na kukubali yote kuna safari ndefu. Hata mzazi aliyepiga hatua chache tu, akaacha kumtukana na kumtenga mwanawe, hatari ilikuwa ndogo.

Tyler Clementi alimwambia mama yake siri yake siku chache kabla ya kwenda chuoni. Wakati nchi nzima ikimtazama yule kijana wa kamera, Jane Clementi alikuwa akiyapitia tena mazungumzo yale. Baadaye aliacha kanisa lake lililofundisha kwamba mwanawe ni mwenye dhambi kwa jinsi alivyo, na pamoja na mumewe, Joseph, akaanzisha taasisi yenye jina la mtoto wao. Kila nikisikia mtu anauliza "nani aliwaua" kama swali la kipelelezi, namkumbuka mama huyu, ambaye swali hilo hakumwachia jaji.

Kwa anayehitaji msaada sasa hivi: hapa Marekani piga 988, uombe mkalimani. Kulikuwa na sehemu maalumu ya vijana hawa ndani ya namba hiyo, iliyofungwa Julai 2025, lakini namba yenyewe inaendelea kupokea kila mtu, na Trevor Project, iliyoanzishwa 1998 kwa ajili yao, bado ina laini yake. Kenya, Msalaba Mwekundu hupokea 1199 bila malipo. Tanzania, watoto wana 116.

Yote haya niliyasema kwa sauti kwenye kundi, vipande vinne vya WhatsApp, na wengi walinijibu kwa kidole gumba, ambacho sijui maana yake. Wiki iliyofuata mama yule aliyesema ni matanga alinipigia. Binti yake anavutwa mtandio kwenye basi la shule tangu Septemba, na hajui aanzie wapi. Nikamwambia sheria ni ileile ya 2014, dini imo ndani. Tuliandika barua mezani kwake: tarehe, namba ya basi, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, mtoto alimweleza mwalimu gani na lini, na chini yake ombi la jibu la maandishi. Alitaka kuiandika kwa Kiswahili. Nikamwambia anaweza, shule itatafuta wa kuitafsiri, lakini tukaiweka kwa lugha zote mbili ili wasipate kisingizio. Siku ya pili alipigiwa simu.

Aliweka habari hiyo kwenye kundi. Saa nne usiku mzee wa fulana ya kijani alinitumia ujumbe wa faragha kuomba nakala ya barua ile. Hakusema ni ya nani, nami sikumuuliza.